Mizinga ya Mahari

Ndoo ya tatu ilipotua uani, Winnie aliacha kupepeta maharage. Mbili zilizoingia juzi zilikuwa haki ya baba mkwe wake. Mzee Nduwayezu alibakiwa na mizinga minane porini, na mwaka huu miti ya mitundu haikutoa maua ya kutosha. Mizinga minane ilikwisha kurinwa yote. Hii ya tatu haikuwa na mahali pa kutoka.

Alifunua mfuniko, akachovya kidole. Asali ilikuwa nyeusi, nzito, na mwisho wa utamu wake uliacha uchungu kidogo ulimini. Winnie alikuwa amelelewa kwa asali hiyo. Ilitoka bondeni, kwenye miti ya kando ya kijito, na bondeni kulikuwa na mizinga ya mtu mmoja tu: marehemu Ndayikunda, baba yake mzazi.

"Mama," alimwita mkwe wake. "Njoo uonje."

Apoline alitoka jikoni akifuta mikono kwenye kitenge. Akaonja. Uso wake haukubadilika hata kidogo, na kwa hilo Winnie alijua kwamba ameelewa.

"Tamu," alisema Apoline.

"Mama, hii ni ya bondeni."

"Chuja."

"Ya bondeni ni ya kaka yangu Reverien. Ni mizinga ya mahari yangu, mama."

"Nimesikia. Changanya na ile nyingine, uchuje."

Mzee mwenyewe alikuwa ameketi kwenye kigoda karibu na baiskeli yake, akibandua nta vidoleni. Kope la jicho la kushoto lilivimba kwa kuumwa, naye alikuwa na furaha ambayo hawajaiona kwake tangu mavuno ya mwaka juzi. "Bondeni kumejaa!" alisema. "Sijui ni kitu gani kilinifanya nisipite kule muda wote huu. Mizinga kumi na miwili, yote ina alama yangu, nimeikuta kama nilivyoitundika. Leo nimerina mitatu. Kesho naendelea."

Alama alikuwa ameiona kweli. Mistari mitatu ya kusimama na mmoja wa kulala juu yake, aliichonga kwa mkono wake miaka zaidi ya thelathini iliyopita. Lakini Rigobert, mwanawe, alipomwoa Winnie, mizinga hiyo kumi na miwili ilikwenda kwa Ndayikunda pamoja na majembe mawili na mbuzi watatu. Na hapa Kitanga mzinga ukibadili mwenyewe, alama ya kwanza haifutwi, maana kulichonga upya gogo lenye nyuki ni kuwafukuza. Mwenye mali mpya huongeza yake chini, ndogo, karibu na tundu la kuingilia. Mrina asali yeyote husoma alama ya mwisho. Mtoto wa miaka kumi anajua hilo. Mzee Nduwayezu alisoma ya kwanza, akafurahi, akawasha kienge chake cha majani, akapanda.

Rigobert alikuwa Nyakitonto wiki nzima, anauza maharage mnadani. Nyumbani walikuwa wanawake wawili tu, na wote wawili walimwona mzee akifunga kamba kwenye baiskeli kesho yake, na kesho kutwa, na siku ya nne. Hakuna aliyemzuia. Winnie alichuja. Alichanganya nyeusi na nyeupe mpaka ikawa na rangi ambayo haitoki kwenye mti wowote.

* * *

Miaka miwili Apoline alikuwa ameifanya kazi hiyo ya kuchanganya, kabla haijafika kwenye asali.

Mgeni akionekana njiani, yeye ndiye aliyetoka mbio na kulitaja jina lake kwa sauti kubwa kuliko inavyohitajika. "Ee, Harerimana, karibu! Harerimana wa kwa fundi!" Mzee alilidaka jina hilo, akatoka nalo mkononi, akamsalimia mgeni kwa heshima zote. Kanisani, siku ya zamu yake ya kusoma, Apoline alimketisha ukingoni mwa benchi, akaweka kidole kwenye mstari. Mzee alipoanza kusoma mstari uleule mara ya pili, kidole kilisogea. Watu waliona mke anayempenda mumewe. Hawakuona zaidi.

Na alikuwa na sababu. Nduwayezu alivuka mpaka mwaka sabini na mbili, kijana wa miaka ishirini na miwili, na panga lisilo na mpini. Miaka mingi jina lake hapa lilikuwa "mkimbizi". Mkimbizi kasema, mkimbizi kapita. Baba wa Isihaka, mwenyekiti wa sasa wa wafuga nyuki, ndiye aliyemfundisha nyuki, na nyuki ndio waliomfanya mtu. Cheti cha uraia kilikuja baadaye sana, kikawekwa kwenye kopo la maziwa pamoja na kadi za kliniki. Kilichomfanya raia ni ufunguo. Miaka kumi na tisa alishika ufunguo wa ghala la kikundi cha wafuga nyuki, akawapimia watu asali yao, na katika miaka hiyo yote hakuna aliyeinama kuitazama mizani.

Apoline aliolewa na panga lisilo na mpini. Hakuwa tayari kuona ufunguo ukirudi.

* * *

Reverien alikuja kwa pikipiki kutoka Kibondo. Kule alikuwa dereva wa lori linalopeleka mgawo wa chakula kwenye kambi ya wakimbizi ya Nduta, na kila mwaka aliomba likizo ya siku tano arudi kurina mizinga ya baba yake. Safari hii alikaa porini asubuhi moja tu.

Apoline alimwona akizima injini. "Ee, Reverien!" alipiga kelele. "Reverien wa Kibondo! Karibu, Reverien!"

Mzee alitoka, mikono imenyooka. "Reverien! Mwakeye, mwanangu! Baba yako hajambo?"

Reverien alibaki na kofia ya pikipiki mkononi. Ndayikunda alikuwa amezikwa miaka sita iliyopita, na jeneza lake lilibebwa na watu sita, mmoja wao akiwa mzee huyu.

"Hajambo," alisema Reverien taratibu.

"Mwambie nitakuja. Winnie! Mletee kaka yako uji, na umtilie asali. Ile ya bondeni, siyo hii ya kila siku. Ale mwenyewe aone."

Winnie alisimama mlangoni, bakuli mkononi, hajui aende mbele au nyuma. Rigobert, aliyekuwa amerudi jana yake na hajaambiwa kitu, alicheka. "Baba, bondeni si kwetu, ni kwao hawa. Umesahau?" Kisha akawatazama wanawake, mmoja baada ya mwingine, na kicheko kikamkauka.

"Nimefika kule," alisema Reverien. "Yote kumi na miwili, shemeji. Nikasema wezi. Lakini mwizi hupasua mzinga, bana. Huyu kafungua vizuri, kaacha masega ya watoto, kaziba kwa majani mabichi, kayakunja kwa ustadi. Nikajiuliza, mwizi gani huyu mwenye adabu? Kumbe nakuja kunyweshwa uji wa mali yangu."

"Reverien, kaka—"

"Wewe umechuja, dada?" Winnie alilitazama bakuli. "Umechuja. Na ulijua. Sisi tumekula asali ile tangu hatujaota meno, usiniambie hukujua."

"Kaa chini tuongee," alisema Rigobert.

"Tuongee nini? Niambieni kitu kimoja tu. Mmechukua asali, au mmechukua mahari? Kama ni asali, huo ni wizi, kikundi kina sheria zake. Kama mmeamua kurudisha mahari yenu, sawa, hakuna ugomvi. Nipeni dada yangu apande nyuma hapa, nirudi naye Kibondo."

"Nani anamchukua Winnie?" aliuliza mzee. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechelewa kuingia kwenye mazungumzo. "Huyu ni mke wa mwanangu. Tumetoa mizinga kumi na miwili."

Hapo ndipo alipolisema, wazi kabisa, kwa mdomo wake, kwamba mizinga si yake tena. Reverien alimtazama, na hasira yake ikakosa mahali pa kukaa. Lakini alikuwa ameshaongea mbele ya watu, na majirani walishasogea uzioni.

"Jumamosi," alisema, akivaa kofia. "Ghalani. Mwenyekiti nimeshampigia."

* * *

"Twende Kasulu hospitali," Rigobert alisema jioni hiyo. "Tupate karatasi. Daktari akiandika kwamba baba ni mgonjwa, wizi haupo na mahari haijaguswa. Winnie anabaki."

"Karatasi ya nini?" Apoline aliuliza.

"Mama. Ya akili."

"Baba yako si mwenda wazimu."

"Basi ni mwizi. Chagua."

"Usiniambie chagua, Rigobert. Mimi ndiye niliyekuzaa, siyo wewe uliyenizaa mimi. Mwizi alikosea siku moja. Ukishamwita mtu mwenda wazimu, hata alichosema mwaka jana kinatupwa."

"Na Winnie je?"

Apoline alimtazama mkwewe aliyekuwa akisugua sufuria kimya. Ni Winnie aliyemfulia mzee suruali asubuhi ambazo hawazizungumzii. Bila Winnie, nyumba hii ingebaki na kikongwe mmoja anayemchunga mwenzake.

"Twende," alisema.

Daktari alikuwa binti mdogo mwenye sauti ya upole, na upole huo ulimuumiza Rigobert kuliko ukali. Alimpa mzee maneno matatu ayashike: jembe, kanisa, embe. Akamuuliza leo ni siku gani. Apoline, nyuma ya kiti, alikohoa, akanong'ona, "Alhamisi."

"Alhamisi," alisema mzee.

"Mwezi?"

"Wa sita," alinong'ona Apoline.

"Wa sita."

Daktari aliweka kalamu chini. "Mama, nakuomba utusubiri nje."

"Mimi sijasema kitu."

"Najua, mama. Tusubiri tu pale nje."

Mlango ulipofungwa, Rigobert aliona kitu ambacho hakuwahi kukiona. Alimwona baba yake akigeuka kutazama alikokuwa mkewe, kama mtu aliyenyang'anywa fimbo katikati ya mto. Baada ya hapo hakuna mwezi wala mwaka. Alipewa karatasi achore saa ya ukutani, naye akachora duara, safi, la mkono usiotetemeka, kisha akaweka tundu dogo chini yake na mistari mitatu ya kusimama. Alikuwa amechora mdomo wa mzinga.

"Sasa mchezo," alisema daktari. "Nikipiga kofi moja, na wewe piga moja. Nikipiga mawili, wewe tulia, usipige kabisa. Sawa, babu?"

"Ego," aliitikia mzee, akikaa sawasawa.

Kofi moja. Akapiga. Makofi mawili. Akapiga. "Mawili hupigi, babu." "Ndiyo, sipigi." Makofi mawili. Akapiga. Mara ya nne aliitazama mikono yake ikiinuka, uso ukasema hapana, na mikono ikapiga. Rigobert aligeukia dirishani.

"Kuzeeka peke yake siyo ugonjwa," daktari alimweleza baadaye, kwenye korido. "Kila mtu akizeeka akili inapunguza mwendo. Jina linachelewa, lakini ukimpa muda linafika. Kwa mzee wako, kuna vitu havifiki hata ukimpa wiki. Na kuna ile sauti ya ndani inayomwambia mtu ngoja, tazama kwanza. Hiyo imelegea. Akianza jambo analolijua, mwili unakwenda nalo mpaka mwisho."

"Dawa?"

"Za kumsaidia kulala zipo. Ya kurudisha, hapana."

Akaandika, akagonga mhuri. Nje, mzee Nduwayezu alikuwa amesimama kando ya mkewe, kofia kifuani.

"Vipi?" alimuuliza mwanawe. "Nimefaulu?"

"Umefaulu, baba."

"Nilijua. Yule binti ana maswali mepesi."

* * *

Jumamosi watu walijaa mbele ya ghala. Wanaume walikaa kwenye magogo, wanawake upande wa pili kwenye nyasi, na kati yao palikuwa na uwanja wa hatua kama ishirini. Apoline aliupima uwanja huo kwa macho. Kunong'ona hakungevuka.

Mzee alikuwa amevaa koti lake la harusi ya Rigobert. Alikuwa na asubuhi njema. Njiani alitaja majina ya miti yote, na kabla ya kukaa alimsalimia mwenyekiti Isihaka kwa jina bila kusaidiwa. Zilikuwepo asubuhi kama hizo, na zilikuwa mbaya kuliko nyingine zote, kwa sababu zilimrudisha kama mtu anayerudi nyumbani mwake akakuta watu wanagawana vitu.

Reverien alieleza kwa maneno machache. Hakutukana. Isihaka akamgeukia Rigobert, na Rigobert akasimama, akatoa karatasi mfukoni mwa shati. Alikuwa ameikunja mara nyingi mno, ikamchukua muda kuikunjua mbele ya watu.

"Shamsia, soma," alisema Isihaka, na katibu wa kikundi akaipokea.

Shamsia alisoma kwa sauti ya mtu anayesoma mahudhurio. Kwamba mzee tajwa amepimwa. Kwamba uwezo wake wa kukumbuka mambo ya karibuni umepungua sana. Kwamba hawezi kuzuia tendo alilozoea kulifanya, wala kupima matokeo yake. Kwamba asiachwe peke yake, na asikabidhiwe mali ya watu.

Kisha mtu mmoja kwenye magogo ya nyuma akauliza, wala hakuuliza kwa ubaya, "Na ile mizani aliyotupimia? Huu ugonjwa umeanza lini?"

"Ndiyo," mwingine akasema. "Mwaka juzi mimi nilipungukiwa, nikasema labda ni nyuki."

"Sote tulipungukiwa mwaka juzi, acha hizo. Mvua ilikataa."

"Nauliza tu. Kuuliza ni kosa?"

Hili Rigobert hakuwa amelifikiria. Alipotupa jicho upande wa wanawake, mama yake alikuwa akimtazama, na hakukuwa na hasira katika mtazamo huo. Ingekuwa afadhali ingekuwepo.

Mzee Nduwayezu alisimama.

"Karatasi hiyo ni ya nani?" aliuliza.

"Kaa, baba," alisema Rigobert.

"Nauliza ni ya nani. Imeandikwa Nduwayezu?"

"Ni yako, mzee," alisema Isihaka, akitazama chini.

"Basi ni ya uongo. Mimi akili ninayo." Alilivuta koti, akafunga kifungo. Alisema polepole, lakini kila neno lilikuja. "Mizinga kumi na miwili, bondeni, ni ya Ndayikunda. Tuliitoa sisi, mahari ya huyu binti pale. Alama yake iko chini ya yangu, jembe dogo. Niliiona. Nikapanda. Nikarina. Hakuna mtu aliyenituma, wala mke wangu, wala mwanangu. Niliiba. Andika hivyo, Shamsia. Nduwayezu ni mwizi. Lakini usiandike kwamba Nduwayezu hana akili."

Alikuwa amesimama wima kabisa, mzee wa miaka sabini na mitano, na kwa muda mfupi hakuna mtu ghalani aliyeiamini karatasi. Winnie alishika mdomo. Alielewa, kabla ya wengine, kwamba kwa maneno hayo baba mkwe wake alikuwa amelinunua tena jina lake, na bei aliyolipa ni yeye. Kama ameiba akijua, mahari imerudi. Kesho angepanda nyuma ya pikipiki.

"Kwa nini uliiba, mzee?" Isihaka aliuliza kwa sauti ya chini. Alitaka kumaliza, apate kuandika.

Mzee alifikiri. Macho yake yalivuka uwanja kumtafuta Apoline, yakampata, na Apoline, bila kujua anafanya nini, alianza kuchezesha midomo. Hatua ishirini. Hakuna kilichofika.

"Kwa sababu..." alisema mzee. "Mwaka huu maua... Na ile ya Harerimana pia."

"Harerimana gani?"

"Harerimana, pale kwenye mninga mkubwa. Mizinga mitano. Hiyo pia niliichukua."

Watu walitazamana. Harerimana huyo mfuga nyuki alikuwa amekufa kabla barabara haijapita, na mninga mkubwa ulikwisha kuwa mkaa zamani.

"Na ya Uwimana, ng'ambo ya kijito. Na ile ya padri. Nilichukua." Sauti yake iliongeza mwendo, mikono ikaanza kupanda na kushuka hewani, mkono juu ya mkono, kama inashika kamba. "Na ya mzee wangu, baba yake Isihaka. Alinifundisha, alinipa kienge cha kwanza, nami nikapanda nikachukua yote. Usiku. Mchana. Ya huyu, ya yule, niandikieni—"

"Baba, inatosha," alisema Rigobert.

"—na ya serikali—"

Nyuma, mtu alicheka. Kilikuwa kicheko kifupi, kilimtoka kama chafya, naye mwenyewe alikifunika kwa kiganja. Lakini kilisikika. Mzee akakisikia, akatabasamu kidogo kwa adabu, kama anayedhani amesema jambo la kuchekesha, na akaendelea kutaja mizinga.

"Basi!" Reverien alikuwa amesimama. Machozi yalikuwa yanamtiririka, hata hakuyafuta. "Basi, mwenyekiti. Mimi sidai kitu. Dada abaki. Mkalisheni mzee. Jamani, mkalisheni!"

Walimkalisha. Isihaka alisoma uamuzi bila kuinua kichwa: wizi haukuwepo, mahari iko palepale, mizinga minane ya mzee Nduwayezu inahamia kwa mwanawe, mzee asiingie porini, na ufunguo wa ghala urudi leo. Ufunguo ulikuwa shingoni mwake kwenye uzi. Rigobert aliushika, na mzee aliinamisha kichwa mwenyewe kuusaidia utoke, kama anavyoinama mtu akivalishwa kitu.

* * *

Rigobert alikwenda porini peke yake na patasi. Kwenye kila mzinga, chini ya mistari mitatu na mmoja wa kulala, alichonga alama yake. Ilimchukua siku mbili. Hakuwa mrinaji mzuri, na nyuki wa mizinga miwili walihama.

Nyumbani, mzee alipata kisu cha kumenyea mihogo. Winnie alikuta alama kwenye kigoda asubuhi, ikiwa mbichi. Kesho yake ilikuwa kwenye fremu ya mlango, halafu kwenye kinu, kwenye mwiko, kwenye mguu wa kitanda. Mistari mitatu na mmoja wa kulala. Aliichonga safi, bila haraka, na akimaliza aliipapasa kwa kidole gumba. Rigobert alitaka kumnyang'anya kisu. "Mwache," alisema Winnie. "Vitu ni vyake." Alikuwa anasugua ndoo ya asali, na kwenye ndoo pia ilikuwepo.

Wageni walipungua. Waliokuja walimsalimia Rigobert kwanza, kisha wakamwuliza hali ya mzee, wakati mzee ameketi pale pale, kana kwamba yuko safarini. Hakukuwa tena na haja ya kuyataja majina yao kwa sauti, na Apoline aliacha. Alijikuta hana kazi. Siku nyingine mtu alipotokea njiani alifungua mdomo kwa mazoea, akaufunga.

Alasiri moja ya mwezi wa nane alikuwa akimenya ndizi, mzee akasogeza kigoda karibu. Alimtazama muda mrefu. Kisha akamshika mkono, taratibu, akaugeuza kiganja juu, akaugeuza tena, akaupandisha mkono wa gauni mpaka kiwikoni. Apoline alidhani ana kiu. Halafu akaelewa kwamba anatafuta alama.

"Mama," mzee alisema, kwa heshima anayopewa mwanamke asiyefahamika. "Wewe ni wa nani?"

Kisu kilibaki kwenye ganda la ndizi. Uani Winnie aliiachia kamba ya nguo.

"Wa Nduwayezu," alisema Apoline. Akalisema tena, kwa sauti kubwa kidogo, kama alivyokuwa akiyataja majina ya wageni zamani. "Nduwayezu. Wa nyuki."

Uso wa mzee ulifunguka.

"Ego! Namfahamu yule," alisema, akamrudishia mkono wake. "Mtu mwaminifu. Hajawahi kugusa mzinga wa mtu."